Ubao Mbichi Hujikunja Wenyewe: Somo la Kukausha Mbao Kabla ya Kuezeka

Katika mitaa ya Kata ya Iyunga, nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo. Mwaka huu huchimbwa msingi, mwaka unaofuata huinuliwa kuta, na mwenye nyumba akipata fedha ya mbao na bati huharakisha kuezeka kabla mvua za Novemba hazijaanza. Wengi wa wajenzi hao si mafundi wa kulipwa. Ni walimu, wafanyakazi wa viwandani, wastaafu na vijana waliopenda useremala tangu shuleni, ambao hupiga randa uani jioni na kuazimana misumeno na majirani. Juhudi zao zinastahili pongezi, lakini mara nyingi huharibiwa na jambo moja: mbao hununuliwa Jumamosi na kupigiliwa misumari Jumapili, zingali mbichi. Miezi michache baadaye kenchi hupinda, misumari hulegea, milango hukataa kufunga, na akiba ya miaka mingi huhitaji kutafutwa upya.

Somo hili linaeleza kwa nini ubao mbichi hujikunja, namna ya kuukausha bila tanuri, na jinsi majirani wanavyoweza kuifanya kazi hiyo kwa pamoja.

Maji yaliyofichika ndani ya ubao

Mbao nyingi zinazouzwa Mbeya ni za paini, mti ambao asili yake ni Mexico na ambao umepandwa kwa wingi katika Nyanda za Juu Kusini. Baadhi hutoka Shamba la Miti Sao Hill wilayani Mufindi, ambalo ni shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Nyingine hutoka Shamba la Miti Kiwira wilayani Rungwe, na nyingine katika mashamba ya wananchi. Gogo la paini linapochanwa, maji yaliyomo yanaweza kuwa na uzito sawa na ule wa mti mkavu wenyewe.

Hesabu ifuatayo inafafanua. Ubao wa inchi 2 kwa 4 wenye urefu wa futi 12, ukiondolewa maji yote, una uzito wa takriban kilo 7. Ukiwa mbichi kabisa unaweza kubeba kilo nyingine 7 za maji, yaani lita 7. Mjenzi anayepandisha mbao 40 za namna hiyo juu ya kuta amepandisha lita 280 za maji, kiasi kinachozidi pipa zima la lita 200. Maji hayo yatatoka. Swali ni kama yatatoka mbao zikiwa zimepangwa vizuri chini, au zikiwa tayari zimefungwa juu ya paa.

Maji hukaa mahali pawili ndani ya ubao. Sehemu moja imo ndani ya vijitundu vya mti, na ikitoka ubao hupungua uzito tu. Sehemu ya pili imo ndani ya kuta za vijitundu hivyo. Kiasi cha maji kikishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito mkavu, kuta hizo huanza kukauka na ubao huanza kusinyaa. Hausinyai sawasawa pande zote. Urefu hubadilika kidogo mno. Upana unaofuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu mara mbili ya ule unaoelekea moyo wa mti. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ubao mbichi hauhitaji mtu wa kuukunja, hujikunja wenyewe. Kazi ya mjenzi ni kuushikilia wima hadi ukauke.

Hasara huonekana zaidi kwenye milango. Mlango uliounganishwa kwa mbao tano zenye upana wa milimita 150, kila moja ikisinyaa milimita 5, hupoteza milimita 25 kwa jumla. Nafasi hiyo inatosha kupitisha baridi ya Julai, panya na jicho la mpita njia.

Kuchagua mbao

Kabla ya kukausha, mnunuzi achague vema. Paini hufaa zaidi kwa mbao ikiwa imefikisha takriban miaka 20 au zaidi. Mti uliokatwa ukiwa mchanga una nyuzi zinazozunguka kama kamba, na mbao zake hujisokota hata zikikaushwa kwa uangalifu. Atazame ncha ya ubao. Ikiwa moyo wa mti umo katikati na pete zinazouzunguka ni pana sana, ubao huo utumike kwa kazi ndogo, si kwa kenchi. Mlingoti, ambao wengine huuita mkaratusi, ni mgumu zaidi, lakini hupasuka kwa urahisi ukikauka haraka. Mninga hausinyai sana, na hii ni sababu mojawapo ya sifa yake kubwa katika samani. Bei yake ndiyo huwafanya wengi warudi kwenye paini.

Mnunuzi adai risiti kwa kila ununuzi. Usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na muuzaji halali anaweza kuonyesha mbao zake zilikotoka.

Hatua za kukausha

Hali ya hewa ya Mbeya humsaidia mjenzi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni haba na upepo ni mkavu. Mbao zinazopangwa mwanzoni mwa kipindi hicho zinaweza kufikia takriban asilimia 12 hadi 15 za maji bila gharama ya kuni wala umeme. Hatua zake ni hizi:

1. Uchaguliwe mahali penye upepo na pasipotuama maji. Magugu yafyekwe.

2. Yajengwe matofali au mawe yanayolingana kimo, ili ubao wa chini kabisa uwe angalau sentimita 40 kutoka ardhini. Nafasi hiyo hupitisha hewa na humwezesha mwenye mbao kuona njia za mchwa mapema.

3. Mbao zipangwe tabaka kwa tabaka, zikiachana sentimita 2 au 3. Kati ya tabaka na tabaka viwekwe vijiti vikavu vyenye unene wa milimita 25, kila baada ya sentimita 50. Vijiti vyote visimame katika mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kilichokaa kando ya mstari huupinda ubao ulio juu yake.

4. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta. Maji hukimbilia kutoka kwenye ncha, na ncha ikikauka kabla ya katikati, ubao hupasuka.

5. Juu ya rundo yawekwe mawe mazito na kipaa cha bati chakavu. Jua kali na mvua visiguse mbao. Ubavuni pasizibwe kwa turubai, maana turubai huzuia upepo na kuleta ukungu.

Mbao za paini za inchi 1 huhitaji takriban mwezi mmoja na nusu hadi mitatu. Za inchi 2, miezi mitatu hadi minne. Mbao ngumu huhitaji karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Uchaguliwe ubao mmoja mfupi ndani ya rundo, upimwe kwa mizani kila wiki, na uzito uandikwe kwenye daftari. Uzito usipopungua tena kwa wiki tatu mfululizo, mbao zimekauka kadiri hewa ya mahali hapo inavyoruhusu.

Mbao kavu ndizo hupokea dawa ya mchwa vizuri, kwa kuwa ubao uliojaa maji hauna nafasi ya kitu kingine. Aidha, ionywe kuwa baadhi ya dawa za mbao zina aseniki. Vipande vya mbao zilizotiwa dawa visichomwe jikoni, na vumbi lake lisivutwe puani.

Rundo moja, wenye mbao wengi

Kikwazo kikubwa cha kukausha ni nafasi na ulinzi. Kiwanja cha mtu mmoja kinaweza kuwa kidogo, na rundo lililoachwa miezi minne huwavutia wezi. Majirani watatu au wanne wanaojenga wanaweza kupanga mbao zao chini ya kipaa kimoja, katika uwanja wa yule anayekaa nyumbani muda mwingi. Kila mmoja apake ncha za mbao zake rangi tofauti. Idadi na vipimo viandikwe kwenye daftari moja na kila mwenye mali atie sahihi. Zamu za kupima uzito na kukagua mchwa zigawanywe. Kanuni ya vifaa nayo iandikwe: aliyeazima randa au patasi huirudisha ikiwa imenolewa. Kwa kununua pamoja, kundi hugawana pia gharama ya gari.

Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, kikitaka kugeuza ujuzi huu kuwa biashara ya mbao kavu au samani, kinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kuhusu mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo ya shughuli za kiuchumi, si ya kujengea nyumba ya mtu binafsi. Mafunzo ya useremala hutolewa na VETA Mbeya. Na kila anayekusudia kujenga akumbuke kuomba kibali cha ujenzi mapema; miezi ya kusubiri mbao zikauke inatosha kukamilisha taratibu hizo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ubao hupungua uzito kwanza kabla haujaanza kusinyaa?

2. Rundo limepangwa vizuri, lakini ubao mmoja umepinda katikati. Ni kitu gani kikaguliwe kwanza?

3. Mjenzi amenunua mbao za inchi 2 mwishoni mwa Septemba. Je, aezeke mwaka huu, au afunike kuta na kusubiri msimu ujao? Jadili na majirani kwa kulinganisha gharama ya kusubiri na gharama ya kuezua paa.