Dondoo muhimu: Kitufe cha kipanya kikigoma

Kwenye saiba za Magogoni, pwani ya Kenya, vumbi la barabara na unyevu wa bahari huingia kila mahali, hata ndani ya kipanya. Kitufe cha kulia kikigoma, usikimbilie duka. Chomoa kipanya, ukichomeke kwenye tundu jingine la USB. Kama hakina waya, badilisha betri.

Bado? Kijaribu kwenye kompyuta nyingine. Kikikubali huko, kipanya ni kizima. Rudi kwenye yako, uizime na kuiwasha upya, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, utafute mipangilio ya kipanya. Huenda vitufe vimegeuzwa, kulia kushoto. Kwenye kompyuta ya watu wengi si ajabu: mwenye kutumia mkono wa kushoto kaja, kageuza, kalipa, kaenda zake.

Gurudumu likirukaruka, mara nyingi ni nywele na taka zilizojisokota kwenye mhimili wake. Skrubu ya kufungulia aghalabu imefichwa chini ya kibandiko cha tumboni. Kitufe kinachobofya mara mbili ukikigusa mara moja, hapo swichi imechakaa. Fundi aweza kuibadilisha, ila kwa kipanya cha bei rahisi sioni faida.

Na ukiwa katikati ya fomu ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), wateja wamepanga foleni nyuma yako? Shift na F10 hufungua menyu ya kitufe cha kulia, Tab hukuvusha kisanduku hadi kisanduku, na kitufe cha nafasi hutia alama ya tiki.