"Slum", Mtaa wa Mabanda na Laini

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na neno moja la Kiingereza likanitia aibu darasani.

Tulipewa kifungu cha kutafsiri, na ndani yake mlikuwa na neno "slum". Kwa haraka zangu nikaandika "laini", yaani zile nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Niliposoma kwa sauti, jirani yangu wa dawati akanigeukia: "Wee! Kwetu si slum, bwana. Kwetu ni laini." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Wazazi wake ni wachumaji chai, na huko laini ndiko alikozaliwa.

Basi hebu tuyachambue maneno haya.

Kwanza, "slum". Asili yake haijulikani kwa yakini. Mnamo 1812 mfungwa Mwingereza, James Hardy Vaux, aliorodhesha maneno ya siri ya wezi, na humo "slum" ni chumba tu. Baadaye likawa jina la vichochoro vya maskini. Mwaka 1850 Kadinali Wiseman alilitumia kueleza vichochoro vya Westminster, London, na likazidi kuenea. Neno lilitoka chumbani likafika mtaani, na dharau ikalifuata mpaka kwa wakazi wenyewe.

Pili, "mtaa wa mabanda". Banda ni jengo hafifu la kujistiri, au la kuwekea mifugo na vitu. Tazama vizuri: kasoro inatajwa kwenye jengo, lakini mtaa unabaki mtaa, wenye watu na majirani. Isitoshe, mitaa hiyo ina majina yake. Kibera ya Nairobi imetokana na neno la Kinubi "kibra", yaani msitu. Wanubi ni wazawa wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, wakapewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20. Ndiyo maana eneo bunge lake huitwa Kibra.

Tatu, "laini". Hii si ile laini ya kitambaa nyororo, ambayo asili yake ni Kiarabu. Hii yetu ni "line" ya Kiingereza, yaani mstari. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, wafanyakazi walijengewa nyumba kwa safu. Neno linaeleza mpango wa nyumba, si uchafu wala umaskini.

Sisemi kwamba laini haina taabu. Mkazi wa mabanda aghalabu hana hati ya ardhi anayoishi. Wa laini nyumba yake huandamana na kazi. Kazi ikiisha, mtu hufunga virago. Hizo ni shida mbili tofauti, na ukiziita kwa jina moja huwezi kuzieleza sawasawa.

Nilimwomba mwenzangu radhi. Akanijibu, "Si kitu, lakini rekebisha daftari." Nikafuta, nikaandika "mtaa wa mabanda".

Hapa kwetu Kapkatet majina mengi ya mahali huanza na "Kap", ambayo kwa Kikalenjin ni nyumbani kwa fulani. Msomaji mwenzangu, kabla hujapaita mahali jina, kumbuka kuna anayepaita nyumbani. Kwaheri ya kuonana.