Kabla mbwa hajapigwa nusu kaputi

Daktari wa mifugo anajibu maswali ya wafugaji wa Momela.

Mbwa wangu anakula vizuri na anabweka usiku kucha. Apimwe ya nini, na ni kuhasiwa tu?

Uchunguzi uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulifuatilia mbwa zaidi ya 98,000 waliopewa nusu kaputi au dawa ya kutuliza. Kwa wazima, alikufa takriban mmoja kati ya 2,000. Kwa wagonjwa, mmoja kati ya 75. Kupima ni kujua wako yumo kundi gani kabla sindano haijaingia.

Unaangalia nini hasa?

Huku kwetu naanza na kupe. Babesia wanayoieneza huvunja chembe nyekundu za damu. Erlikia, nayo ya kupe, hupunguza chembe sahani za kugandisha damu, na jeraha likakataa kuacha kutoka damu. Mbwa wa namna hiyo anaweza kubweka kama kawaida. Kwa hiyo nainua mdomo: ufizi uwe wa waridi, na nikiubonyeza rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukiwa umepauka, napima damu. Chembe nyekundu zikiwa chini ya asilimia 37, kuhasi kunasubiri, tunatibu kwanza.

Kisha nasikiliza moyo huku vidole vikiwa kwenye mshipa wa paja. Kila pigo la moyo lazima lifike pale. Na mizani, kwa sababu dawa hupigwa hesabu kwa kilo. Huna mizani ya mbwa? Mbebe mpimwe pamoja, kisha upimwe peke yako, utoe.

Nimnyime chakula tangu lini?

Mkubwa ale jioni, asubuhi asile, maji anywe. Mfungie usiku, la sivyo atakula kwa jirani. Dawa kama zailazini hutapisha, na matapishi yakiingia mapafuni yanaua. Akila, niambie tu, tutapanga siku nyingine. Watoto wa mbwa wasikae na njaa usiku kucha: sukari yao hushuka upesi.

Paka wangu hashikiki.

Namtazama ndani ya kikapu kwanza. Akihema mdomo wazi, sitaendelea.

Naweza kumchukua mnyama wangu mara tu mkimaliza?

Hapana. Katika uchunguzi ule, karibu nusu ya mbwa waliokufa walikufa baada ya operesheni, wengi ndani ya saa 3. Juni na Julai baridi ya Momela ni kali, na mwili uliolala haujipashi joto. Leta blanketi, na usimpakie kwenye bodaboda mpaka asimame mwenyewe.