Somo: Kifaransa cha Dharura kwa Msafiri wa Lubumbashi



Katika toleo hili tunaleta somo kwa ajili ya madereva, utingo na wafanyabiashara wa Iringa, Makambako na Mbeya ambao safari zao hupita Tunduma, huvuka Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, kilometa zipatazo 90 kabla ya Lubumbashi. Ni somo la familia zao pia, kwa maana homa na ajali havichagui mahali.

Wengine watauliza, "Kongo wanaongea Kiswahili, Kifaransa cha nini?" Ni kweli, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini humo, na Lubumbashi ndiyo lugha ya sokoni. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, kilichobaki tangu utawala wa Wabelgiji uliokwisha mwaka 1960. Daktari amesomea kazi yake kwa Kifaransa, na vyeti vya dawa huandikwa kwa lugha hiyo. Tena Kiswahili chao hakilingani na chetu kwa kila neno. Kule "bibi" ni mke. Ukisema "bibi yangu anaumwa" ukiwa na maana ya mama mzaa mama, muuguzi atafikiri ni mkeo.

Katika mabano tumeandika matamshi kwa kukadiria. "Zh" ni kama "sh" inayotetemeka kama "z". Herufi ya mwisho ya neno mara nyingi haitamkwi.

1. Unapofika

Tafuta kibao kilichoandikwa *Urgences* (irzhaans), yaani mapokezi ya dharura. Kisha sema:

- *Aidez-moi, s'il vous plaît* (ede mwa, sil vu ple): Nisaidieni tafadhali.
- *C'est un accident* (set en aksidaan): Ni ajali.
- *Je ne parle pas français* (zhe ne parl pa franse): Sisemi Kifaransa.

2. Mambo matatu ya kumweleza daktari

*Wapi panauma?* Gusa mahali penyewe na useme *J'ai mal ici* (zhe mal isi): Naumwa hapa. Unaweza pia kutaja kiungo: *J'ai mal à la tête* (a la tet), kichwa, *au ventre* (o vantr), tumbo, *au dos* (o do), mgongo, *à la poitrine* (a la pwatrin), kifua.

Angalia sana hapa. *Coeur* (ker) ni moyo, lakini *J'ai mal au coeur* kwa kawaida maana yake ni "nasikia kichefuchefu". Mtu aliyebanwa na maumivu ya moyo akisema hivyo, anaweza kudhaniwa amekula chakula kibaya, na muda ukapotea. Aseme *J'ai mal à la poitrine*, mkono ukiwa kifuani.

*Tangu lini?* *Depuis ce matin* (depwi se mateen): tangu asubuhi hii. *Depuis hier* (depwi yer): tangu jana. *Depuis deux jours* (depwi de zhur): tangu siku mbili.

*Nini kingine ajue kabla ya kunipa dawa?*

- *Je suis diabétique* (zhe swi diabetik): Nina kisukari.
- *Je suis enceinte* (zhe swi anseent): Nina mimba.
- *Je suis allergique à la pénicilline* (zhe swi alerzhik a la penisilin): Penisilini inanidhuru.
- *Je prends ce médicament* (zhe praan se medikamaan): Natumia dawa hii. Onyesha pakiti yake.

Ukisahau mengine yote, usisahau haya. Sindano ikishaingia mwilini haitoki.

3. Utakayoyasikia na kuyasoma

*Où avez-vous mal?* (u ave vu mal): Unaumwa wapi? *Depuis quand?* (depwi kaan): Tangu lini? *Piqûre* (pikir) ni sindano. *Ordonnance* (ordonaans) ni cheti cha dawa. Juu yake utaona *trois fois par jour*, mara tatu kwa siku. *Avant le repas*, kabla ya chakula. *Après le repas*, baada ya chakula. Wakati wa kulipa, kumbuka kwamba Wakongo husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, kama Wabelgiji.

4. Kadi ya mfukoni

Aliyezimia hawezi kusema. Kwa hiyo andika kadi na uiweke pamoja na leseni au pasi yako:

*Nom* (jina), *Âge* (umri), *Groupe sanguin* (kundi la damu), *Allergies* (vinavyonidhuru), *Maladies* (magonjwa niliyo nayo), *Médicaments* (dawa ninazotumia), *Personne à prévenir* (mtu wa kupewa taarifa, na namba yake ya simu).

Kundi la damu usilikisie. Pima hospitalini kabla ya safari.

Zoezi

Fanyeni wawili wawili, nyumbani au kwenye kikundi chenu. Mmoja awe muuguzi, mwingine mgonjwa.

1. Sema unaumwa tumbo tangu jana.
2. Sema kifua kinakuuma tangu asubuhi hii.
3. Eleza kwamba penisilini inakudhuru.
4. Jaza kadi yako na mwenzako aisome kwa sauti.

Rudieni mpaka maneno yatoke bila kutazama karatasi. Safari njema.