SOMO: FENI YA KOMBAINI NA MSHAHARA WA DEREVA



Msimu mmoja wa ngano tuliitwa shambani kusikiliza shauri. Dereva wa kombaini kuukuu alikuwa amekatwa mshahara kwa sababu punje nyingi zilikutwa ardhini. Msimamizi alisema ni uzembe. Dereva alisema ni mashine. Lakini hakuna aliyekuwa amepima. Ndiyo maana somo letu la leo ni feni.

Kazi yake

Akina mama wanapopepeta, humwaga nafaka kutoka juu, upepo ukachukua makapi. Kombaini hufanya vivyo hivyo. Ngano ikishapurwa, punje na makapi huangukia juu ya chekecheke zinazotikisika. Feni hupuliza kutoka chini kuelekea nyuma. Makapi huruka nje, nazo punje, kwa kuwa ni nzito, hupita kwenye matundu hadi kwenye tangi.

Dalili

Upepo ukizidi, punje nzima huruka pamoja na makapi, na ngano ya tangini huwa safi sana.

Upepo ukipungua, makapi hulala juu ya chekecheke kama mkeka. Punje hubebwa juu ya mkeka huo na kumwagwa nyuma. Tangini mnaona uchafu.

Basi tukumbuke: punje ardhini si ushahidi kwamba upepo umezidi. Dereva wetu alidhani hivyo, akawa anaupunguza kila siku, na hasara ikaongezeka. Kumbe mkanda wa feni ulikuwa umechakaa na kuteleza. Alikwisha kuomba mkanda mpya, lakini kwa mdomo tu.

Jinsi ya kurekebisha

1. Kabla ya kazi, injini ikiwa imezimwa na ufunguo mfukoni, kagueni mkanda na ondoeni majani kwenye mdomo wa feni. Kifuniko cha mkanda kirudishwe.

2. Anzeni na kipimo cha kitabu cha mashine. Shambani injini iende kwa mwendo wake kamili, kwani ukiipunguza, feni nayo hupungua.

3. Kombaini nyingi za zamani zina mkono wa kuzungusha unaobadili upana wa puli. Huo huzungushwa feni ikiwa inazunguka, dereva akiwa mahali pake. Nyingine zina vibao vya kuziba mdomo wa feni.

4. Badilini kitu kimoja tu kwa wakati, kidogo kidogo, kisha vuneni hatua chache na kutazama tena. Asubuhi makapi yana unyevu, mchana yamekauka. Kipimo cha asubuhi huenda kisifae mchana.

5. Masuke yakitoka na punje ndani, msiilaumu feni. Hilo ni la sehemu ya kupura.

Kupima hasara

Ikiwa kombaini hukata upana wa mita 4, wekeni kamba kuvuka upana wote huo, na nyingine sentimita 25 kutoka hapo. Hiyo ni mita 1 ya mraba. Inueni majani, hesabuni punje. Toeni idadi ya zile zilizoanguka zenyewe, mkihesabu eneo kama hilo mahali pasipovunwa. Punje 25 za ngano ni karibu gramu 1; kwa hiyo kila punje 25 hapo ni kama kilo 10 kwa hekta.

Andikeni hesabu hiyo daftarini, pamoja na tarehe, hali ya mkanda, na siku mlipoomba vipuri. Katika shauri lile dereva alirudishiwa fedha zake baada ya kupima mbele ya wote. Lakini alikuwa amekaa mwezi mzima bila mshahara kamili. Daftari lingemwokoa siku ya kwanza.

Maswali ya kujadili tawini

1. Je, kitabu cha mashine yenu kiko mikononi mwa dereva, au kimefungiwa ofisini?
2. Nani hupokea maombi ya vipuri, na je, huweka sahihi?
3. Kabla ya kumkata mtu mshahara, nani amepima?