Woga unapita kati ya muzazi na mutoto

Mwezi huu hatuongee juu ya mbegu. Tunaongea juu ya nyumba zetu, sababu katika mikutano ya Juni memba wengi walituuliza: «Batoto wamebadilika, tufanye nini?»

Tunajua tumepita wapi. Ebola ilitangazwa huko Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 wamekufa. Kabla haijaisha, Korona ikaingia. Tangu Machi 2020 masomo ilifungwa, na mpaka wa Kasindi ulikuwa unapitisha malori ya bidhaa tu.

Mama mmoja wa kikundi cha kakao ametukubalia tuelezee ya kwake. Mume wake alikuwa anafanya biashara ya Kasindi. Mpaka ulipofungwa, akakaa nyumbani, kimya, jioni anakunywa kasiksi. Mama naye halali, anawaza deni la likelemba. Kijana wao wa miaka 8 akaanza kukojoa kitandani. Mama akamupiga. Mutoto akazidi. Kila asubuhi kufua mablangeti, kila asubuhi makelele.

Siku moja wifi ya mama, wakiwa wanapukucha maharage, akamuuliza mutoto polepole: unaogopa nini? Akajibu kwamba anahesabu siku. Wakati wa Ebola aliona jirani anakaa ndani, watu wa afya wanakuja kumupima kila siku, siku 21. Kabla hazijaisha, gari likamubeba, hakurudi. Sasa baba naye anakaa ndani. Mutoto alifika 21, akaona baba bado yuko, akaanza tena kutoka moja.

Hakuna mutu alikuwa amemuambia kwamba baba anakaa nyumbani juu ya mpaka.

Kwenye migomba tunajua ugonjwa wa kunyauka: panga isiyopitishwa motoni inaubeba, na haichagui mgomba mama ao chipukizi. Woga wa nyumbani ni vivyo hivyo. Mutoto anasoma uso wa muzazi kabla ya maneno yake. Asipopewa maelezo anajitungia, na mara nyingi anayojitungia ni mabaya kuliko ukweli. Halafu mwili wake unasema: tumbo kuuma, kushikilia nguo ya mama, kupigana. Vijana wakubwa wananyamaza ao wanalala mchana. Muzazi aliyechoka anaona ni ukaidi, anapiga, na woga unaongezeka pande zote mbili. Kupiga hakujakausha kitanda hata kimoja.

Kwa hiyo sema ukweli, kwa maneno machache: «Baba hana ugonjwa. Mpaka umefungwa. Kesho tunaenda shamba.» Usiahidi usichokijua. Weka saa ya kula, saa ya kulala, na kidogo cha daftari asubuhi, ili siku iwe na kichwa na miguu. Shamba nalo linasaidia, kama mutoto analima pamoja nawe na mzigo hauzidi umri wake.

Na wewe muzazi? Hapa watu wanapita haraka. Huwezi kutuliza mutoto kama moyo wako unatetemeka. Katika kikundi kile, wamama wameweka robo saa kabla ya likelemba, kila mumoja aseme nyumba yake inaendaje. Deni la mama yule lilisogezwa miezi miwili, na tunafikiri hilo lilimurudishia usingizi kuliko mafundisho yetu yote. Kijana bado anakojoa mara moja moja, lakini ameacha kuhesabu. Wababa bado hawana robo saa yao. Tunawauliza: kwa nini?

Kama mutoto anakataa chakula siku nyingi, ao mutu yeyote wa nyumba anasema afadhali kufa, usingoje mkutano wala usimuache peke yake. Mupeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuna pia waliopona Ebola kati yetu. Huko Beni na Butembo baadhi yao walilea watoto wachanga ambao wazazi wao walikuwa kwenye matibabu, sababu wao walikuwa na kinga. Waalikeni kwenye robo saa hiyo.