Nzi Mmoja, Majina Mawili

Mwaka wa pili nilikatwa alama mbili za maabara kwa sababu ya lebo moja tu. Niliandika Bactrocera invadens, jina nililolitoa kwenye noti za kurithi. Nikanuna wee, halafu nikaenda kusoma.

Kumbe iko hivi. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda alionekana Kenya, anataga mayai ndani ya maembe. Mwaka 2005 wataalamu wakampa jina hilo, wakitazama zaidi rangi za mgongo wake. Baadaye vinasaba vililinganishwa na vya Bactrocera dorsalis wa Asia: mpaka haukuonekana. Walipowekwa pamoja wakapandana, na watoto wao nao wakazaa. Basi mwaka 2015 wakaunganishwa kuwa spishi moja, na kwa kanuni likabaki jina la zamani, la 1912.

Msiseme ni ubishi wa majina tu. Soko la nje linaweza kumfungia mkulima wa maembe kwa jina la mdudu. Na mbinu zilizomdhibiti huko Asia sasa tunajua zinamhusu nzi huyuhuyu wetu.

Rangi hudanganya, jamani. Alama zangu mbili sizidai tena.